Vidoko vya Chini ya Kabati

Jumatatu ya kwanza baada ya toleo jipya la mchezo kuwafikia watu, Germana alifika ofisini Miyuji saa moja na dakika ishirini asubuhi, akamkuta Optatus amepiga magoti mbele ya kabati la seva, ufagio wa chelewa mkononi. Optatus ndiye aliyefanya usafi katika ofisi ile, na alikuwa mtu wa kulalamika kwa utaratibu: kwanza vumbi, kisha mgao wa maji, kisha wanaoacha vikombe vya chai juu ya meza. Siku hiyo alianza na jambo jipya.

"Dada Germana, nani anakula mtama humu ndani?"

Akamwonyesha kizoleo. Kulikuwa na punje kama za kujaza viganja viwili, ngumu, nyeupe ya kupauka kama jino. Nyingine ndogo kama uwele, nyingine za mviringo kama dengu, nyingine bapa kama mbegu za tikiti. Optatus akazimimina kwenye ndoo tupu ya rangi, na kila punje iliyofika chini ikatoa sauti, wala si sauti ya kitu kigumu kugonga plastiki. Zile ndogo zililia kama ulimi unapobanduka nyuma ya meno ya mbele. Za mviringo zililia juu ya kaakaa, kama kizibo kinachochomoka. Zile bapa zililia ubavuni mwa kinywa, kama mtu anayemhimiza punda.

"Zinamaliza ufagio," Optatus alisema. "Vumbi ukilisukuma linakwenda. Hizi zinabisha."

Germana alizitambua papo hapo. Vilikuwa vidoko, zile sauti za ulimi kubanduka kinywani, tena vya lugha ya kwao. Akasema hajui ni nini, akaenda kuwasha kompyuta yake.

Kampuni ile ilitengeneza mchezo mmoja tu, na mchezo wenyewe uliitwa Dungu. Mtu yeyote aliyewahi kukaa juu ya dungu shambani, akilinda uwele usiliwe na ndege, aliuelewa bila kufundishwa. Kila mchezaji alikuwa na dungu lake na shamba lake ndani ya simu, mashamba yamepakana, na kweleakwelea walipotokea upande mmoja ilikuwa lazima aliyewaona awapigie ukelele majirani zake, maana kidole kimoja hakivunji chawa. Asiyemwita jirani alikosa uwele, na jirani akakosa pia. Watu elfu tisini walikuwa wakilinda uwele ambao haukuwapo, na baadhi yao waliuacha wa kweli nje ukiliwa.

Germana alikuwa msanifu wa kiolesura, na sehemu aliyokabidhiwa iliitwa Ujirani. Chochote ambacho mchezaji alikigusa ili kumpata mchezaji mwingine kilikuwa kimepita mikononi mwake. Orodha ya majirani, ambayo zamani ilijificha pembeni kidole gumba kisikofika, yeye ndiye aliyeileta katikati. Taa ndogo ya kijani ya kuonyesha nani yupo dunguni ilikuwa yake. Yeye ndiye aliyeondoa kitufe cha kupunga mkono, kwa kuwa hakikutumiwa na mtu, akaweka cha shikamoo. Kitufe hicho kilihitaji mchezo ujue umri wa kila mmoja, na ndani ya wiki moja nusu ya wachezaji wakawa na miaka sabini na kitu, kila mmoja ametulia juu ya dungu lake anasubiri kuamkiwa. Germana alicheka, akaacha hivyo hivyo.

Kilichobaki kuboreshwa kilikuwa sauti. Watu walizungumza dunguni, na pamoja na maneno yao simu zilibeba kuku, sufuria, cherehani na mvua juu ya bati. Zablon wa Hombolo, mkulima wa zabibu aliyekuwa na nyota mia nne, aliandika malalamiko kila Ijumaa bila kukosa: kuna majirani, alisema, wanavunja kuni ndani ya simu. Basi ikaamuliwa litengenezwe chujio. Chujio lingepewa vipande elfu mbili vya sauti zilizorekodiwa mchezoni, kila kipande kimeandikwa "sauti" au "kelele", na lingejifunza lenyewe kipi cha kubakiza na kipi cha kutupa.

Kazi ya kuchambua vipande ilifanyika Alhamisi moja kabla ya toleo jipya, kwenye chumba cha mikutano, spika ikiwa katikati ya meza ili wote wasikie. Alikuwapo Wilbert, mkurugenzi, mtu mpole mwenye haraka. Alikuwapo Iddy, aliyeandika programu ya chujio. Kuku walikuwa kelele. Sufuria ilikuwa kelele. Mtoto anayelia alibishaniwa robo saa, mwishowe akawa sauti. Kipande cha mia sita na kumi na moja kilimwangukia Germana.

Kilikuwa cha mwanamke anayemwita jirani yake kwa Kisandawe. Alikuwa akisema ndege wanakuja kutoka upande wa mto, ageuke, amwite na mwenzake. Maneno yalijaa vidoko, vya mbele, vya juu na vya ubavuni. Germana alielewa kila neno. Sauti ilikuwa ya mama yake.

"Huyu anakaanga bisi?" Iddy aliuliza, na watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Walicheka kama walivyocheka wasichana wa bwenini, miaka kumi na minne nyuma, walipomwomba aseme kitu kwa kikwao, akasema, wakashika mbavu wakimwambia anatafuna mifupa. Tangu kidato cha pili Germana alikuwa mtu wa Kondoa mjini, mwenye Kiswahili kilichonyooka kuliko cha wenzake wote, na hakuna aliyemuuliza zaidi.

"Sauti au kelele?" Wilbert alisema. Wote walimtazama, kwa sababu kipanya kilikuwa mkononi mwake.

"Kelele," Germana alisema, akabonyeza.

Chujio halikuwa na ubaya. Lilijifunza lilichofundishwa, kwa bidii ambayo walimu wengi wanawaombea wanafunzi wao.

Mama yake aliitwa Angelina, mjane wa miaka sitini na mitatu, mkazi wa Farkwa, mwenye mizinga kumi na minane ya nyuki na nyota mia saba za Dungu. Germana alikuwa amemnunulia simu ili wazungumze. Mama akajifunza mchezo, akafundisha majirani, na majirani wakawafundisha watoto wao waliotawanyika Tabora, Mwanza na Dar es Salaam, hata ikawa kijiji kizima kinakutana juu ya madungu kila siku saa kumi na moja jioni. Mama alikaa akiegemea kihenge cha nafaka, simu juu ya goti, na jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kumwita Germana kwa jina la nyumbani.

Jina hilo lilianza na kidoko cha ubavuni. Bibi aliyelitoa alikuwa amekufa. Baba aliyelitumia alikuwa amekufa. Kaka zake wawili walimwita Germana, kama watu wa ofisini. Duniani alibaki mtu mmoja wa kulitamka, na alilitamka kila jioni, na Germana, aliyekuwa akimsikiliza chumbani kwake Miyuji huku mlango umefungwa, aliishi kwa kulisubiri ingawa hakuwahi kumwambia mtu.

Jioni ya Jumatatu hiyo mama aliita, na mwanzo wa jina haukuwapo. Palikuwa na mwanya, kisha mkia wa jina ukafuata.

"Shikamoo mama. Mtandao unakata."

"Marahaba. Si mtandao," mama alisema. Maneno yake yote yalikuwa na mianya, kama mdomo wa mtoto wa darasa la kwanza. "Hata nje ya simu ni hivyo hivyo. Jana nimemwita mbuzi, hakunigeukia. Nimekuita na wewe, bila simu, nijisikie tu. Imetoka hivi."

Akaeleza kwa kirefu. Ilianza Jumamosi, toleo jipya lilipoingia kwenye simu. Aliyeongea mara moja dunguni, alishuka na ulimi usio na vidoko. Jirani yake wa kulia alijaribu kumkaripia mkwewe ikatoka adabu tupu. Walikwenda zahanati watu kumi na mmoja, muuguzi akawaangalia vinywani kwa tochi, akaandika "ulimi mzima" mara kumi na moja. Watu wa mjini hawakupungukiwa na kitu, kwa kuwa chujio lilikuwa linaondoa sauti fupi, na msonyo wa mtu wa mjini ni mrefu.

"Tumeona ni apdeti," mama alisema. "Wewe uko huko ndani. Waulize wamevipeleka wapi."

Germana alisema atauliza.

Kufikia Alhamisi ndoo ilikuwa nusu. Optatus alikuwa ameisogeza stoo, karibu na sabuni, akaifunika kwa kipande cha boksi kwa sababu mtu akiigonga kwa bahati mbaya ilianza kusema. Saa ya chakula Germana, ambaye naye hakuwa na kidoko tangu amjibu mama yake dunguni, aliingia stoo, akajifungia, akachukua punje moja bapa akaitia mdomoni. Haikuwa na ladha. Ikajilaza yenyewe kati ya ulimi na magego ya kushoto. Akatamka jina lake, kwa mara ya kwanza ndani ya jengo lile, likatoka zima. Akatema punje kiganjani, ilikuwa vuguvugu. Alikaa juu ya dumu la maji akiwa ameishika, akaona haya, na haya hiyo haikuwa ya vidoko. Alijionea haya mwenyewe.

Alasiri akaenda kwa Wilbert, akaweka ndoo mezani.

"Hizi ndizo anazolalamikia Optatus?" Wilbert alichovya mkono, akaachia chache zidondoke, akasikiliza. "Nini hizi?"

"Vidoko. Chujio linavitoa vinywani mwa watu, linavidondosha chini ya seva."

"Kwa hiyo linafanya kazi," Wilbert alisema. Akageuza kompyuta yake, akatafuta kwenye rekodi za mafunzo, akakuta mstari. Kipande 611, kelele, Germana. "Dada, hiki ulikipitisha wewe mwenyewe. Hii ni lugha ya nani?"

"Ya kwetu."

"Wewe si wa Kondoa mjini?"

"Nilisema hivyo. Mimi ni Msandawe wa Farkwa. Na huyo anayeongea kwenye hicho kipande ni mama yangu."

Wilbert alivua miwani. "Mbona hukusema siku ile?"

"Niliona aibu."

"Pole sana," Wilbert alisema, na alimaanisha. Kisha akavaa miwani, maana alikuwa mtu wa haraka, akamwonyesha mchoro wa malalamiko jinsi ulivyoporomoka tangu Jumamosi, na nyota ambazo wachezaji waliupa mchezo zilivyopanda kutoka tatu hadi nne na nusu. Zablon wa Hombolo alikuwa ameandika kushukuru. "Wanaoongea hivi mchezoni ni wangapi?"

"Mia tatu na kumi."

"Kati ya elfu tisini. Siwezi kulifundisha chujio upya kwa mia tatu na kumi, unanielewa. Lakini sitalitupa jambo lako. Nitaliweka kwenye orodha."

Akafungua orodha ya maboresho, akaandika kwenye mstari wa arobaini na moja: Vidoko, kuangalia. Mstari wa arobaini ulihusu rangi ya kofia za wachezaji wakati wa sikukuu.

Jioni hiyo Germana alibaki nyuma, akafungua rekodi, akabadilisha kipande cha 611 kutoka kelele kuwa sauti. Asubuhi alikikuta kimerudi kelele. Chujio lilikuwa limesikiliza watu elfu tisini usiku na mchana kwa siku sita, halikusikia tena kidoko hata kimoja kwa mtu yeyote, likahitimisha kwamba Germana amekosea, na likamsahihisha. Akabadilisha tena. Likasahihisha tena. Mara ya tatu lilimtumia ujumbe wa kumshukuru kwa mchango wake.

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini haya yalikuwa yamezoleka, na yalikuwa kwenye ndoo. Jumamosi Germana akapanda basi la Farkwa na ndoo yake mapajani, mdomo wa ndoo ameufunga kwa kitenge. Kila basi lilipopita kwenye shimo ndoo ilisema neno. Abiria mmoja mzee akainamisha kichwa, akasikiliza, akaiitikia.

Uani kwa mama yake watu walikuwa wamekwisha kusanyika. Mama alitandika jamvi, punje zikamiminwa, wanawake wakazipepeta kwa nyungo kwanza kutoa vumbi la Miyuji. Kisha kila mtu akaanza kuchagua. Hakuna aliyegombana. Mtu alijua vidoko vyake kama anavyojua mbuzi zake katika kundi, na aliyechukua cha mwenzake kwa bahati mbaya alikisikia kikimpinga mdomoni, akakirudisha. Kufikia saa sita uani kulikuwa na makelele ambayo Germana alikuwa hajayasikia tangu utotoni. Jirani wa kulia alimkaripia mkwewe kwa mambo ya wiki nzima, kwa kirefu, bila kupumzika, na mkwe mwenyewe alisimama akitabasamu.

Mama ndiye aliyechagua mwisho. Akaitia mdomoni punje bapa, akamtazama binti yake, akamwita kwa jina lake lote.

Germana alilia. Hakulia hivyo hata siku ya kumzika baba yake. Alilia na kamasi, mbele ya watu, na mama akamwacha amalize.

"Ni mimi, mama," alisema. "Walirekodi sauti yako, wakaniuliza ni sauti au kelele. Niliijua ni yako. Nikasema kelele."

Vidole vya mama viliendelea kukusanya, moja moja, punje za watu ambao hawakuja.

"Nilikuwa nawaita wageuke upande wa mto," alisema. "Walisikia?"

"Hapana."

"Na ndege walikula?"

"Walikula."

"Haya," mama alisema. Akainuka kwenda kusonga ugali, na wakala kwa mlenda.

Saa kumi na moja jioni watu walitoa simu. Germana alisimama akawaambia wasiingie, wangoje mpaka apate njia, kwamba kila neno watakalosema dunguni litawatoka na halitarudi. Walimsikiliza kwa heshima. Mkwe aliyekaripiwa akasema ana mdogo wake Mwanza, hana namna nyingine ya kumsikia. Mwanamke mwingine akasema mwanawe anamsubiri, taa yake imeshawaka, si vizuri mtu akuone upo halafu ukae kimya. Taa hiyo ilikuwa kazi ya Germana.

"Hata wewe," mama alimwambia, "usiposikia sauti yangu humo, nitakupata wapi?"

Kisha mama akaitoa ile punje bapa mdomoni, akaifuta kwa upindo wa khanga, akamwekea kiganjani.

"Hii ni ya jina lako. Nikiingia nayo, Jumatatu itakuwa kwenu chini ya kabati. Kaa nayo wewe."

Akakaa pale kwenye kihenge, akapanda dungu lake, akaanza kuwaamkia majirani. Vidoko vilimtoka kimoja baada ya kingine, bila maumivu, kama mtu anayehesabu vitu vya kuaga.

Tangu hapo likawa jambo la kila wiki. Optatus alifagia kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, Jumamosi alfajiri akaifunga ndoo kwa kitenge na kuipeleka stendi, kondakta akaipokea kama anavyopokea mizigo mingine, Farkwa wakapepeta, wakachagua, wakaongea mpaka jioni. Jumatatu Optatus akaanza upya. Alikuwa amejifunza kuzitenga za watoto na za watu wazima, na siku nyingine alimwambia Germana habari kabla mama yake hajampigia: kuna mtu alizaa, maana kulikuwa na punje mpya ndogo sana, au mzee fulani ana homa, maana zake zilikuwa chache. Kuhusu ufagio hakulalamika tena. Alirudi kwenye vikombe vya chai.

Wilbert naye alizipenda. Aliomba viganja viwili, akazitia kwenye bakuli la kioo pale mapokezi, na wageni waliosubiri walizikoroga kwa kidole wakafurahi. Mwezi ule kulikuwa na watu wawili Farkwa ambao hawakuzungumza kabisa siku za Jumamosi. Germana alikwenda mapokezi akazirudisha ndani ya ndoo. Wilbert akaomba nyingine, na aliomba vizuri.

Kila jioni mama aliita, palikuwa na mwanya, kisha mkia wa jina. Na kila jioni Germana, akiwa amezima kipaza sauti cha simu yake ili chujio lisimsikie, alijaza mwanya ule kwa punje aliyoiweka chini ya ulimi. Mama alitamka mkia kule, yeye akatia kidoko huku, jina likatimia ndani ya chumba cha Miyuji. Mama hakuwahi kulisikia likitimia. Alijua tu, kwa sababu binti yake alichelewa kidogo kumwamkia.

Mwezi wa tisa, upepo wa vumbi ulipoanza, kulikuwa na kikao cha robo mwaka. Walikuja wageni watatu kutoka kampuni ya michezo ya Nairobi, waliotaka kulinunua chujio, ambalo sasa liliitwa Sauti Safi, ili walitumie kwenye michezo yao yote. Iddy alikuwa safarini Dar es Salaam, akaingia kikaoni kwa mtandao, na kwa kuwa kampuni ilikuwa inajivunia kazi yake, kikao kilipitishwa kwenye chujio hilo hilo. Wilbert aligawa ajenda. Germana alitafuta mstari wake akaukuta umeshuka hadi wa hamsini na nane. Vidoko, kuangalia.

"Tuanze kwa kujitambulisha," Wilbert alisema. "Jina na kazi yako, kwa kifupi."

Walizunguka meza. Wageni walitaja majina yao. Shamila, aliyesoma maoni ya wachezaji, akataja lake. Zamu ikafika kwa Germana, na kama siku ile ya vipande, wote wakamtazama. Punje ilikuwa chini ya ulimi. Alijua kipaza sauti cha katikati ya meza kiko wazi, alijua kidoko alichonacho ni kimoja, na alijua kwamba jioni, mama akiita, hatakuwa na cha kujazia. Akaisogeza punje ubavuni kwa ulimi, akasema jina lake kama alivyopewa na bibi yake, lote.

Chumbani lilisikika vizuri. Mgeni mmoja alijaribu kuliandika kwenye daftari, akasita kwenye herufi ya kwanza, akaacha nafasi. Shamila alimtazama Germana kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba uliopita zamani, akamsogezea glasi ya maji.

"Dada Germana," sauti ya Iddy ikasema kutoka kwenye spika, "umekatika kidogo hapo mwanzo."

"Endelea tu," Wilbert alisema. "Sisi tunakusikia."

Germana alifungua mdomo aseme kazi yake, akakuta ulimi mtupu. Akasema yeye ni msanifu wa kiolesura, upande wa Ujirani. Nyuma ya ukuta, chini ya kabati la seva, punje moja ikadondoka sakafuni, ikalia mara moja ubavuni mwa kinywa, na Optatus akaweka chini kikombe cha mtu akaenda kuchukua ufagio.